"Ni kweli, lakini": maneno niliyowaambia wavuvi pale Dunga

Haya niliyaongea mbele ya wanachama wa BMU, kile kikundi cha kusimamia ufuo, na wavuvi wengine hapa Dunga, Kisumu. Watu kadhaa waliniomba niyaandike, nimeyaacha karibu venye yalivyotoka mdomoni.

Oyawore uru. Wazee wangu, akina mama wa samaki, vijana wa boti, nawasalimu. Najua kuna watu hapa wamekesha majini na omena yao iko juani inangoja kugeuzwa, kwa hivyo nikianza kuzunguka sana mnikohoe tu.

Mwenyekiti amesema mimi ni mtu wa sheria. Wacha niweke sawa, mimi si wakili. Kwa miaka 13 nilikuwa mkalimani wa korti, yule mtu mnamuona amesimama kando ya kizimba, hakimu anaongea Kiingereza, mshtakiwa anaongea Kijaluo, mimi niko katikati nachukua ya huyu nampelekea yule. Siku hizi ni msaidizi wa kisheria, natembea beach hadi beach. Na nimekuja na neno moja tu, jinsi mvuvi anapoteza kesi yake asubuhi ya kwanza, kwa maneno mawili.

Kuna Jumatatu moja siwezi kuisahau, korti gani sitasema. Waliletwa watu saba walioshikwa majini Jumapili alfajiri, shitaka ni kupatikana na nyavu za macho madogo kuliko yale yanaruhusiwa. Wa nne alikuwa mzee wa miaka kama hamsini, amevaa shati la kuazima kwa sababu lake lililowa siku ya kushikwa, malapa yake moja ya bluu moja nyekundu, anashikilia ukingo wa kizimba kama mtu ameshika ukingo wa boti wakati wa upepo. Shitaka likasomwa kwa Kiingereza, nikamwambia kwa Kijaluo. Akasema, "En adier, to..."

Wote hapa mnajua hiyo "to" maana yake nini. Ni kweli, *lakini*. Mtu akisema "to" maneno yake bado yanakuja, ile ya kwanza ilikuwa kupiga hodi tu. Mimi nikageuka kwa hakimu nikasema ni kweli. Hakimu akaandika. Kulikuwa na faili kama arobaini siku hiyo na tayari ilikuwa saa tano, karani akaita nambari ya tano na yule mzee mdomo wake bado uko wazi.

Nilimkuta jioni nje chini ya mti, watoto wake wamekuja kutafuta venye faini italipwa, nikamuuliza, baba, ulikuwa unataka kusema nini pale. Akaniambia wavu ni wa mwenye boti. Yeye aliitwa usiku kujaza nafasi ya kijana aliyepatwa na malaria, wavu ulikuwa umefunikwa na turubai, aliuona wakati wanautupa majini. Akasema nilitaka kumweleza hakimu hivyo.

Ng'ombe wawili waliuzwa. Pengine angeshindwa hata kama angesikizwa, kwa sababu kuwa ndani ya boti yenye wavu haramu si jambo dogo. Lakini hiyo ndiyo inaitwa kesi jamani, inatakiwa isikizwe, mwenye boti aitwe, aulizwe. Ile "to" ndiyo ilikuwa kesi yake yote na mimi ndiye niliyeiacha njiani. Nimebeba hiyo kitu mpaka leo na ndiyo sababu niko hapa.

Sasa sikizeni sheria yenyewe inasema nini, kwa sababu wengi wanafikiri korti ndivyo ilivyo. Kuna kesi ya 1973 ya Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, inaitwa Adan na Jamhuri, kila hakimu Kenya anaijua. Ilisema hivi: shitaka lisomwe na lielezwe kila kipande chake kwa lugha mshtakiwa anaelewa, jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe, akikubali basi kiongozi wa mashtaka aeleze mambo yalivyokuwa, na mshtakiwa apewe nafasi ya kupinga ama kueleza ama kuongeza. Akileta neno lolote linaloonyesha hakubali kosa, ile kukubali inafutwa na inaandikwa amekataa. Kwa hivyo "ni kweli, lakini" kisheria si kukubali. Ni kukataa kwa adabu. Na sisi watu wa ziwa tumelelewa na adabu, hatuanzi na hapana mbele ya mkubwa, tunaanza na ndiyo halafu tunaeleza, sasa korti inachukua ile ndiyo inafunga faili.

Na ukishakubali mlango unafungwa vibaya sana. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, kifungu cha 348, inasema mtu aliyekubali kosa hawezi kukata rufaa kupinga kupatikana na hatia, anaweza tu kulalamika juu ya adhabu. Rufaa yenyewe una siku 14. Lakini kabla hukumu ya adhabu haijatolewa bado unaweza kuinua mkono useme mheshimiwa naomba kubadilisha jibu langu, na hakimu ana uwezo wa kukubali. Wengi hawajui. Hata mimi miaka yangu ya kwanza sikuwa najua, nilikuwa nafasiri tu.

Katiba pia iko upande wako hapo. Kifungu cha 50 kinakupa mkalimani bila kulipa, kinakupa muda wa kujitayarisha na kuelezwa shitaka kwa undani. Kifungu cha 49 kinasema ufikishwe kortini ndani ya masaa 24, ama siku ya korti inayofuata kama masaa yanaishia wikendi, na ile sehemu yake ya pili inasema kama kosa lako adhabu yake ni faini peke yake, ama kifungo kisichozidi miezi 6, hutakiwi kuwekwa rumande. Hiyo ya pili muiandike mkononi.

Sasa mtaniuliza, tukikataa makosa tutasema nini? Wavu umepatikana, samaki wamepatikana, picha zimepigwa. Wacha niwapeleke mbali kidogo, huko Kanada.

Mwezi wa nane 1993, mtu anaitwa Donald Marshall, wa jamii ya Mi'kmaq, wenyeji wa Nova Scotia kabla mzungu hajafika, aliingia majini na mwenzake akatoa mikunga, wale samaki warefu kama nyoka, mkiwaona mtafikiri ni watoto wa kamongo. Paundi 463, karibu kilo 210. Akauza dola 787 na senti 10. Hakuwa na leseni, msimu ulikuwa umefungwa, na kuuza hakuruhusiwa. Makosa matatu, na yote yalikuwa kweli, hakupinga hata moja.

Na huyu mtu alikuwa na kila sababu ya kuogopa korti. Akiwa kijana, 1971, alifungwa kwa mauaji ambayo hakuyafanya, akakaa jela miaka 11 kabla ukweli haujatoka. Mtu wa namna hiyo angeweza kulipa faini ya mikunga aende nyumbani, nani angemlaumu? Lakini alisema ni kweli nilivua, ni kweli niliuza, lakini nina haki, kwa sababu wazee wetu walifanya mkataba na Mfalme wa Uingereza mwaka 1760 na 1761.

Hapo ndipo napenda sana hii kesi, nivumilieni. Ile karatasi ya mkataba haikusema popote kwamba Mi'kmaq wana haki ya kuvua na kuuza. Iliandikwa kama katazo, kwamba hawatafanya biashara mahali pengine ila kwa vituo vya serikali. Basi. Akashindwa korti ya kwanza, akashindwa rufaa. Mahakama ya Juu ya Kanada, tarehe 17 Septemba 1999, ikafungua kumbukumbu za mazungumzo ya wakati ule, ikauliza kabla ya kuandika hii karatasi watu waliongea nini? Ikaonekana wenyeji ndio waliomba vituo vya biashara, wapate mahitaji yao kwa kubadilisha vitu walivyowinda na kuvua. Majaji wakasema huwezi kumpa mtu haki ya kuleta bidhaa sokoni halafu umnyime haki ya kuitafuta hiyo bidhaa. Marshall akaachiliwa kwa yote matatu. Yaani kesi ilishindwa kwa kilichoandikwa na ikashinda kwa kilichosemwa. Mimi mkalimani nikisoma hiyo nilikaa kimya muda mrefu.

Kabla yake kulikuwa na Ronald Sparrow, wa jamii ya Musqueam, alishikwa 1984 kwa mto Fraser na wavu wa pima 45 wakati leseni ilisema pima 25. Pima ishirini tu za tofauti. Yeye pia alisema ni kweli wavu ni mrefu, lakini hii ni haki ya jamii yetu na Katiba ya Kanada ya 1982 inailinda. Mwaka 1990 Mahakama ya Juu ikaweka msingi ambao unatumika hadi leo: kwanza samaki wenyewe walindwe wasiishe, halafu baada ya hapo wenyeji wapate chakula chao, ndio wafuate wale wa biashara kubwa na wa kuvua kwa starehe. Mnasikia huo mpangilio? Samaki kwanza. Tutarudi hapo kwa sababu kuna watu hapa hawatapenda nikirudi.

Kule Marekani, jimbo la Washington, Billy Frank wa Nisqually alianza kushikwa akiwa na miaka 14 na akashikwa zaidi ya mara 50, mpaka 1974 jaji Boldt akaamua mikataba ya zamani inawapa wenyeji nusu ya samaki wanaoweza kuvuliwa.

Mtasema hayo ni ya wazungu, wao wana mikataba, sisi babu zetu hawakutia sahihi na mtu. Sawa. Twendeni Afrika Kusini.

Pale pwani ya Eastern Cape kuna mahali panaitwa Dwesa-Cwebe. Mwaka 2000 serikali ilifunga uvuvi wote kwa sababu ya hifadhi ya bahari. Tarehe 22 Septemba 2010 David Gongqose na wenzake wawili wakashikwa na fimbo zao za ndoano, hata samaki hawajampata bado. Hawa hawakuwa na mkataba wowote. Walikuwa na desturi peke yake. Wakaingia kortini wakaeleza jinsi baba zao waliwafundisha kuvua, samaki mdogo anarudishwa majini, bahari ni mahali pa chakula na pia pa mambo ya mizimu na matambiko. Wazee wa kijiji wakatoa ushahidi, wataalamu wa mila wakatoa ushahidi. Hakimu wa kwanza akawapata na hatia. Rufaa ya kwanza wakashindwa. Karibu miaka minane baada ya kushikwa, tarehe 1 Juni 2018, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Kusini ikasema hawa watu walikuwa wanatumia haki ya kimila, na sheria ya uvuvi haikuwa imeifuta hiyo haki. Hatia ikaondolewa. Watu watatu na fimbo za ndoano!

Na hapa kwetu? Mwaka huohuo wa 2018, tarehe 30 Aprili, Mahakama Kuu iliyokaa Malindi iliamua kesi ya wavuvi wa Lamu juu ya ile bandari mpya ya LAPSSET, kesi iliyoanza 2012. Majaji waliona haki za hao wavuvi zimevunjwa, ikiwemo haki ya utamaduni wao, na wakaamuru wavuvi kama 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Baadaye kukawa na rufaa na mazungumzo marefu juu ya malipo, lakini kitu cha kushika ni kwamba mahakama ya Kenya ilitazama uvuvi wa jadi ikaona hapa kuna haki ya kulipiwa.

Sasa nisiwadanganye. Sisi wa ziwa hatuko sawa na Mi'kmaq, na hatuko sawa na Endorois wa Ziwa Bogoria huko juu ya Nakuru, ambao walifukuzwa miaka ya sabini na Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ikawapa haki yao 2010, wala hatuko sawa na Ogiek wa Mau walioshinda kwa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu kule Arusha 2017. Wale walitambuliwa kama jamii asilia. Mjaluo, Msuba, Mnyala wa Busia hawajawahi kupewa hilo jina na korti. Tena kifungu cha 62 cha Katiba kinasema maziwa na mito yote ni ardhi ya umma, kwa hivyo hakuna mtu atasimama aseme Nam Lolwe, hili Ziwa Victoria, ni ya ukoo wake. Na ile sheria inayoruhusu korti zetu kuongozwa na mila inataja kesi za madai, haitaji jinai. Kwa hivyo mvuvi akitaka kuleta desturi kwa kesi ya jinai lazima apitie Katiba, kifungu cha 11 na cha 44 juu ya utamaduni, na hapo anahitaji wakili anayejua kazi. Njia iko, ila ni nyembamba.

Lakini hata hiyo nyembamba hatuwezi kuipita na mikono mitupu. Gongqose alishinda kwa sababu wazee walikuwa na kitu cha kusema. Sisi tuna nini cha kusema?

Babu yangu mzaa mama alikuwa wa upande wa Nyakach, karibu na Sondu. Alinieleza juu ya kek, ule uzio wa miti na matete unazuia mto na vikapu vimewekwa kwa mapengo. Alisema mvua ikija ningu wanapanda mto kwenda kutaga, na kulikuwa na mzee mkuu wa uvuvi, gath lupo, ndiye anasema sasa fungueni wapite, na hakuna kijana angeweza kumbishia. Alinionyesha kwa mikono yake venye fito zinafungwa, vidole vyake vilikuwa vimepinda lakini lile fundo alilifunga bila kutazama. Mimi nilikuwa mtoto, nilitazama fundo, sikuandika kitu. Babu alishakufa. Ningu nao, watu walipoanza kutega nyavu mdomoni mwa mito, wakapungua mpaka vijana wengi hapa hamjawahi kumla.

Ile sheria ya babu ilikuwa sheria. Ilikuwa na msimu, ilikuwa na afisa, ilikuwa na adhabu. Mzungu alipotuma mtaalamu wake Michael Graham kupima ziwa 1927 na 1928, akaona ngege inaharibika kwa nyavu za kisasa, akapendekeza macho ya nyavu yasipungue inchi 5. Hiyo inchi 5 ndiyo mnashikwa nayo mpaka leo. Watu wanafikiri kulinda samaki kulikuja na hiyo inchi, kumbe huku mtoni fito zilikuwa zinafunguliwa zamani.

Na hapa ndipo nitawaudhi. Kuna watu wakinisikia naongea haki za jadi wanachangamka, wanafikiri nimewaletea ruhusa ya monofilamenti. Hapana! Wewe uliyefunga boti yako hapo nyuma na ile nyavu ya plastiki ndani, usiniite nikakutetee kwa jina la babu, kwa sababu babu alifungua kek na wewe unafagia mpaka vifaranga. Ukiipoteza majini haiozi, inaendelea kuua peke yake chini kule na hakuna anayekula. Omena imefungwa kuanzia 1 Aprili mpaka 31 Julai, si kwa sababu serikali inatuchukia, ni kwa sababu iache izae. Haki ya Sparrow ilikubaliwa na bado mahakama ikasema samaki kwanza. Kesi ya Marshall nayo, miezi miwili tu baada ya uamuzi, mahakama ileile ilirudi ikaeleza kwamba hiyo haki inaweza kuwekewa masharti na serikali ikiwa na sababu nzito. Kwa hivyo desturi inakupa mahali pa kusimama ukiwa umeilinda mwenyewe. Mtu wa kwanza kuvunja sheria ya gath lupo hawezi kuwa wa kwanza kuitaja kortini.

Kuna mzee ameinua mkono hapo, anauliza juu ya boti. Asante baba, hiyo nilitaka kuisahau na ndiyo inauma zaidi.

Baharini kuna sheria kubwa, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982, Kenya iliuridhia 1989. Huo unaipa nchi maili 200 za bahari za kusimamia samaki wake. Meli ya kigeni ikishikwa ikiiba samaki hapo, kifungu cha 73 kinasema ikiweka dhamana ya kadiri, meli na mabaharia waachiliwe haraka, na adhabu isiwe kifungo kama nchi hizo hazijakubaliana hivyo. Kuna mahakama maalum iko Hamburg, Ujerumani, kesi yake ya kwanza kabisa ilikuwa hiyo, meli Saiga iliyoshikwa na Guinea 1997. Hiyo hata haikuwa ya kuvua, ilikuwa inauzia meli za uvuvi mafuta. Tarehe 4 Desemba mwaka huohuo mahakama ikaamuru iachiliwe kwa dhamana ya dola 400,000.

Sasa linganisheni na boti yetu. Huo mkataba haufiki ziwani, ni wa bahari. Boti ya mbao ikishikwa hapa inavutwa nchi kavu kama kielelezo. Nimeziona nyuma ya vituo, zimelazwa juani. Wiki ya kwanza rangi inababuka. Ya pili mbao zinaanza kujikunja, ile kalafati inakauka inatoka vipandevipande kama makombo ya mkate, unaweza kuona mwanga kupitia mbavuni. Kesi ikiisha miezi minane baadaye, hata kama umeshinda, unarudishiwa kuni. Mwenye meli ya chuma ana mahakama Ujerumani ya kumharakishia, na mwenye boti ya mbao ambayo ndiyo ada ya watoto, hana. Mimi hiyo inanikasirisha na sitaacha kusema.

Kwa hivyo siku ya kwanza, pamoja na kusema neno lako lote, muombe hakimu boti ipigwe picha na uirudishiwe kwa dhamana mpaka kesi iishe. Nimeona ikikubaliwa. Si kila mara, lakini nimeona, na asiyeomba hapewi.

Migingo. Nilijua mtauliza Migingo, kile kisiwa tunagombania na Uganda. Kenya tuna kama asilimia 6 tu ya hili ziwa, mbuta mkubwa yuko maji ya kina kule, na mpaka uliandikwa na wakoloni 1926 kwa kalamu, samaki hawakuitwa kwa huo mkutano. Vijana wetu wameshikwa huko, wamepelekwa Uganda, wamepokonywa injini. Kisiwa ni cha nani mimi siwezi kukiamua hapa chini ya mti. Lakini kuna kesi moja nataka BMU zote za Busia, Homa Bay na Migori ziijue. Eritrea na Yemen waligombania visiwa vya Hanish huko Bahari ya Shamu. Wakaenda kwa wasuluhishi. Mwaka 1998 Yemen ikapewa visiwa vingi, lakini wasuluhishi wakasema wavuvi wa jadi wa pande zote mbili waendelee kuvua na kwenda na kurudi kama zamani, na 1999 wakaeleza kwamba ile haki ya mvuvi mdogo haikomi kwa sababu tu mstari wa mpaka umepita hapo. Ufilipino nayo 2016, dhidi ya China, wasuluhishi wakaona wavuvi wake wa jadi walizuiwa isivyo haki pale Scarborough Shoal. Hizo ni kesi za bahari, haziifungi Uganda wala Kenya hapa ziwani. Ni hoja tu. Lakini mkataba wa shirika la uvuvi la ziwa letu ulitiwa sahihi hapahapa Kisumu, 30 Juni 1994, na ile korti ya Afrika Mashariki iko Arusha, mwananchi wa kawaida anaweza kupeleka lalamiko lake kule mwenyewe. Ila ana miezi miwili tu. Mnakaa mnalalamika hapa beach mwaka mzima, miezi miwili imepita zamani.

Mama hapo mbele ameuliza kama hii yote ni ya wanaume wa boti. Hapana mama. Nani anajua kuliko nyinyi ni mwezi gani omena ilikuwa inakuja nono, na ni lini ilianza kuja na vumbi la vifaranga? Nimemwomba sekretari anunue daftari, lile gumu la jalada jeusi. Tutaanza na wazee wanne waliobaki ambao waliona kek kwa macho yao, na akina mama watatu waliouza samaki hapa kabla mbuta hajajaa. Jina, mwaka wa kuzaliwa, mahali, alichoona, sahihi ama kidole gumba. Kwa Kijaluo kwanza. Kiingereza kitakuja baadaye na nitakifasiri mimi, kila neno.

Halafu Jumatano kuna vijana watatu wa beach hii wanaenda kusomewa mashtaka. Nitakuwa nje ya korti saa mbili asubuhi, pale kwa mama wa chai. Wazazi wao waje wawalete mapema, tukae nao, kila mmoja anieleze yake mpaka mwisho kabla hajaingia ndani.